Habari za Bibi Titi Mohamed wa Dar es Salaam

Leo twataka kuzungumza habari za mwanamke mmoja ambaye jina lake hutajwa kila siku mjini Dar es Salaam, lakini wengi wanaolitaja hawajui alikuwa nani. Mtu atokaye Temeke asubuhi kwenda mjini, au ashukaye kutoka Kinondoni kwenda Mnazi Mmoja, hana budi kukutana na barabara pana inayokatana na Barabara ya Morogoro. Mwenye gari huiita barabara ya Bibi Titi, mchuuzi huuza machungwa kando yake, na mtoto wa shule huivuka akiwa na mkoba wake. Ukimwuliza mtoto huyo, “Bibi Titi ni nani?” huenda akakujibu ya kuwa ni barabara.

Basi sisi twaona si vema mtu ageuke kuwa barabara tu. Barabara haina sauti, na mwanamke huyu sauti yake ndiyo iliyomfanya ajulikane. Kwa hiyo tutaeleza maisha yake tangu mwanzo hata mwisho, mema na machungu, bila kuficha. Kisha tutauliza swali moja ambalo kila msomaji atalijibu mwenyewe.

Bibi Titi alizaliwa mjini Dar es Salaam mwaka wa 1926, katika nyumba ya Waislamu ambao asili yao ni upande wa kusini, nchi za Rufiji na Umatumbi. Wakati huo Tanganyika ilikuwa chini ya Waingereza, waliopewa kuitawala kwa amana baada ya Wadachi kushindwa katika Vita Kuu ya kwanza. Mji ulikuwa mdogo. Hata katika mwaka wa 1948 wakazi wake wote, Waafrika, Waasia na Wazungu pamoja, walikuwa kama 69,000 tu. Temeke na Kinondoni tuzijuazo leo, zenye nyumba zilizosongamana na masoko yasiyolala, zilikuwa mashamba ya minazi na mihogo.

Binti wa mji wa siku hizo alilelewa kwa mila yake. Baba mzazi hakutaka mwanawe apelekwe shule, akihofu mafundisho ya huko yatamtoa katika dini na adabu. Baadaye, kwa radhi ya mama, Titi alipata kusoma hata darasa la nne. Alipovunja ungo alitiwa ndani, kama desturi ilivyokuwa, na akiwa bado kijana mdogo akaozwa kwa mume aliyempita sana kwa umri. Ndoa hiyo haikudumu. Haya twayaeleza kwa sababu watu wengi hudhani ya kuwa kiongozi sharti awe amepita shule nyingi. Huyu alikuwa na madarasa manne, ndoa iliyovunjika, na mtoto wa kulea. Katika mitaa ya Dar es Salaam wanawake wa namna hiyo walikuwa maelfu.

Lakini alikuwa na jambo lingine. Alikuwa na sauti nzuri. Aliimba katika Maulidi, na akawa mwimbaji mashuhuri wa ngoma ya lelemama, katika kundi lililoitwa Bomba.

Hapa yafaa tusimame kidogo tueleze lelemama ni nini, maana vijana wa leo wengi hawakuiona, na asiyeielewa hataelewa habari inayofuata. Lelemama ni ngoma ya wanawake wa pwani, iliyochezwa Lamu, Mombasa, Unguja na Dar es Salaam. Wanawake husimama kwa safu, wamevaa sare ya kanga moja au nguo moja, wakicheza kwa mwendo wa taratibu na madaha, na mwimbaji huongoza, nao wakaitikia. Lakini kundi la ngoma halikuwa la kucheza tu. Lilikuwa na viongozi wenye vyeo, mtunza fedha, na michango ya kila mara. Mwanachama akifiwa, wenzake walikuja na unga na sanda. Akioza binti, walikuja na vyungu na kuni. Kundi moja lilishindana na jingine, mtaa kwa mtaa, kwa nyimbo za mafumbo na kwa uzuri wa sare. Mjini palikuwa na makundi mengi ya namna hiyo, na mengine yakaitwa kwa majina ya fahari kama Egyptian na Al-Watan.

Wakubwa wa Serikali walipoyatazama makundi hayo waliona wanawake wasiojua kusoma wanacheza. Hawakuona ya kuwa mle ndani mlikuwa na uongozi, hazina, nidhamu, na njia ya kupeleka habari kutoka Kariakoo hata Ilala kabla jua halijachwa. Wake za wakubwa walikuwa na vyama vyao vya kuwafundisha wanawake wa Kiafrika kushona, kupika na usafi wa nyumba, na mambo hayo si mabaya. Lakini lelemama ilikuwa imekwisha kuwafundisha wanawake jambo kubwa kuliko kushona. Iliwafundisha kukusanyika, kuchagua kiongozi na kumtii, na kutoa senti zao kwa ajili ya jambo la wote.

Sasa twaja katika mwaka wa 1954. Tarehe 7 Julai mwaka huo chama cha TANU kilianzishwa mjini Dar es Salaam, na rais wake akawa mwalimu kijana wa Pugu, Julius Nyerere. Chama kipya kilikuwa na shida kubwa. Waafrika waliosoma wengi walikuwa watumishi wa Serikali, na Serikali ilikuwa imewakataza watumishi wake kujiunga na vyama vya siasa. Karani aliyekata kadi alihatarisha kazi yake. Nyerere mwenyewe, alipotakiwa kuchagua kati ya ualimu na siasa, aliacha ualimu mwaka wa 1955.

Titi na mumewe wa wakati huo walijiunga mapema, kwa kuvutwa na Schneider Plantan, mmoja wa watu wa mjini waliokipigania chama tangu mwanzo. Kisha, katikati ya mwaka wa 1955, alikuja mgeni kutoka Uingereza, Bwana John Hatch wa chama cha Labour. Aliwaona viongozi wa TANU, akaona umati wa watu, akauliza: wanawake wenu wako wapi? Yasimuliwa ya kuwa viongozi walitazamana. Kila mmoja alikuwa na mke, lakini si rahisi mwanamume wa mji wa siku zile kumtoa mkewe aje asimame mbele ya Mzungu na umati wa wanaume. Ndipo alipoitwa Bibi Titi. Ndivyo ilivyoanza sehemu ya wanawake ya TANU, naye akawa kiongozi wake, na pamoja naye Bibi Tatu binti Mzee.

Fikirini hali yake. Hajapata kuhutubia hata mara moja, wala hana hotuba iliyoandikwa. Lakini alijua jambo moja ambalo wanaume wale hawakulijua vizuri, nalo ni njia ya kufika kwa wanawake. Hakubisha hodi nyumba kwa nyumba tu. Alikwenda kwa viongozi wa ngoma. Kiongozi wa kundi akikubali, kundi zima linakuja, maana wamezoea kumfuata. Makundi yaliyokuwa yakishindana kwa sare na mafumbo yakakutana chini ya jambo moja.

Hesabu ya kazi hiyo tunayo. Mwezi Oktoba mwaka wa 1955 Oscar Kambona, aliyekuwa katibu wa TANU, aliandika barua kwa rafiki zao wa Uingereza akiwaeleza ya kuwa katika muda wa miezi mitatu tu Bibi Titi ameandikisha wanawake 5,000. Wasomaji, lipimeni neno hili. Miaka miwili baadaye, katika hesabu ya watu ya 1957, mji wote wa Dar es Salaam, watoto kwa wazee na watu wa rangi zote, ulikuwa na watu kama 129,000. Wanawake 5,000 katika mji wa kadiri hiyo si jambo dogo, na waliletwa kwa miguu na kwa mdomo, bila gari wala gazeti.

Watu wameuliza kwa nini wanawake walikuja mbele wakati ambapo wanaume wengi walikuwa wakisita. Sisi twaona sababu yake ni wazi. Mwanamume aliyeajiriwa bandarini au ofisini alikuwa na bwana wa kumfukuza. Mwanamke aliyepika maandazi na vitumbua alfajiri, au aliyepangisha chumba katika nyumba yake, hakuwa na bwana wa kumwachisha kazi. Fedha yake ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa yake. Tena aliijua shida. Ndiye aliyechota maji, aliyepanga foleni ya chakula, na aliyemuuguza mtoto. Alipoambiwa ya kuwa nchi yaweza kutawaliwa na wenyewe, hakuhitaji kufundishwa kwa kitabu maana ya maneno hayo.

Tangu hapo Bibi Titi alisafiri. Alikwenda na Nyerere, na mara nyingine na viongozi wengine, katika majimbo ya nchi, kwa gari bovu na barabara za vumbi. Alipanda jukwaani kabla ya rais wa chama, akaimba, akasema, akawachekesha watu na kuwatia moyo, hata Nyerere alipoinuka umati ulikuwa umekwisha kuamka. Alisema kwa Kiswahili cha mji, kilicho wazi na chenye mifano ya jikoni na ya uani. Kule bara, ambako watu wa makabila mbalimbali walikuwa wakijifunza kusikilizana kwa Kiswahili, wanawake walimwona mwenzao amesimama mbele ya wanaume bila hofu. Jambo hilo peke yake lilikuwa fundisho.

Serikali ya Gavana Twining haikupenda mambo hayo. Mwaka wa 1957 Nyerere alizuiwa kwa muda asihutubie hadharani. Ulipokuja uchaguzi wa 1958 na 1959, haki ya kupiga kura ilipimwa kwa elimu, au mapato, au cheo. Kwa hiyo wanawake wengi waliokijenga chama kwa michango yao hawakuwa na kura. Walitembea kuwaomba wengine wapige kura ambayo wao wenyewe walinyimwa. Twakumbusha ya kuwa kule New Zealand, visiwa vya bahari ya Pasifiki, wanawake walikuwa wamepata haki ya kupiga kura tangu mwaka wa 1893, wa kwanza duniani katika nchi nzima. Wanawake wa Tanganyika walingoja zaidi ya miaka 60 baada ya hapo, nao hawakungoja wamekaa.

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 bendera ya Uingereza ilishushwa, na Tanganyika ikapata uhuru wake. Mwaka uliofuata vyama vya wanawake viliunganishwa katika Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, ndio UWT, na Bibi Titi akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Mwaka huo huo wa 1962, mwezi Julai, wanawake kutoka nchi mbalimbali za Afrika walikutana Dar es Salaam wakaanzisha umoja wao wa bara zima. Bibi Titi akaingia Bungeni, akapewa na cheo cha naibu katika wizara iliyoshughulika na maendeleo ya wananchi. Mwimbaji wa Bomba, mwenye madarasa manne, sasa alikuwa miongoni mwa wakubwa wa nchi.

Wahenga wamesema, mcheza kwao hutunzwa. Lau habari yetu ingeishia hapa, methali hiyo ingetosha, nasi tungeaga. Lakini historia haiishi pale tunapopenda iishe.

Mara baada ya uhuru ilionekana ya kuwa kazi ya kujenga dola si ile ya kuwaita watu. Sasa palitakiwa mafaili, barua, hesabu za bajeti, na Kiingereza. Waliosoma ambao zamani waliogopa kukata kadi wakaingia katika viti vya ofisi, na waliokuwa jukwaani wakajikuta wamesimama nyuma. Katika uchaguzi wa mwaka wa 1965 Bibi Titi alisimama Rufiji, nchi ya asili yake, akashindwa. Alibaki na uongozi wa UWT na nafasi yake katika vikao vya chama.

Kisha likaja Azimio la Arusha, tarehe 5 Februari 1967. Azimio hilo lilitangaza siasa ya ujamaa na kujitegemea, na pia liliweka masharti ya uongozi. Kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili au zaidi, wala asiwe na nyumba ya kupangisha. Bibi Titi alikuwa na nyumba za kupangisha. Hakukubali sharti hilo, akaacha uongozi wake.

Hapa wasomaji hawataafikiana wote, nasi twataka kuwatendea haki wa pande zote mbili. Waliolitunga sharti walikuwa na hoja kubwa. Walikuwa wameona katika nchi nyingine jinsi viongozi walivyopigania uhuru maskini, na baada ya miaka michache wakawa matajiri wenye majumba huku watu wao wakilala njaa. Walisema mtu hawezi kuwa mtumishi wa wapangaji na huku ni mwenye nyumba anayewatoza kodi. Neno hilo lina ukweli.

Lakini tutazame pia kwa jicho la mwanamke wa Dar es Salaam. Nyumba zetu za Kiswahili, kama zile za Temeke na Magomeni, huwa na ukumbi katikati na vyumba pande mbili, na ua nyuma. Mwenye nyumba hukaa katika chumba kimoja au viwili na vingine hupangisha. Kwa mwanamume mwenye mshahara, kodi ya vyumba ni nyongeza. Kwa mwanamke aliyeachwa au aliyefiwa, asiye na pensheni wala cheti cha shule, chumba cha kupangisha ndicho mume, ndicho mwana, na ndicho uzee wake. Akikitoa, anategemea nini? Mwanamke aliyekwisha kuona ndoa ikivunjika, na ambaye cheo chake chaweza kwisha kwa kura moja, alikuwa na sababu ya kuuliza hivyo. Hatusemi ya kuwa sharti lilikuwa baya. Twasema lilikuwa na uzito usio sawa juu ya mabega ya watu mbalimbali, na yeye alikuwa na haki ya kusema hapana, naye alisema hapana waziwazi, akaacha vyeo.

Mambo mazito zaidi yakafuata. Mwezi Oktoba 1969 Bibi Titi alikamatwa pamoja na wengine, akiwamo Michael Kamaliza, aliyekuwa Waziri wa Kazi, na maofisa wa jeshi. Walishitakiwa kwa uhaini, yaani kula njama ya kuipindua Serikali. Aliyetajwa kuwa kichwa cha njama hiyo ni Oscar Kambona, aliyekuwa amekwisha kukimbilia London; ndiye yule yule aliyeandika barua ya sifa mwaka wa 1955. Kesi ilianza mwaka wa 1970 mbele ya Jaji Mkuu Telford Georges, na shahidi mkubwa wa upande wa mashitaka alikuwa Potlako Leballo, kiongozi wa wapigania uhuru wa Afrika Kusini waliokuwa wakikaa nchini. Bibi Titi alikana mashitaka. Mwaka wa 1971 akahukumiwa kifungo cha maisha.

Sisi si majaji, na hatutaifungua tena kesi katika kijitabu. Lakini msomaji na afikirie mambo haya mawili. Mwanamke aliyewaita maelfu waje wamsikilize Nyerere, sasa amefungwa na dola ya Nyerere. Na mji uliojaa wanawake aliowakatia kadi, ukanyamaza. Labda waliogopa, labda waliamini mashitaka, labda hawakujua la kusema. Mwaka wa 1972 Rais alimsamehe, akatoka gerezani. Alipotoka alikuta mumewe amekwisha kumwacha, na wengi waliokuwa rafiki zake zamani hawakubisha hodi tena mlangoni pake.

Kwa miaka mingi jina lake halikutajwa. Vitabu vya shule vilieleza TANU, vikaeleza Nyerere na wenzake, na picha za zamani zikaonyeshwa, lakini mwanamke aliyesimama pembeni katika picha hakuelezwa. Mwaka wa 1984 mwanahistoria mmoja wa Marekani, Susan Geiger, alikaa naye na wanawake wengine wa zamani wa TANU, akawasikiliza wakisimulia maisha yao kwa Kiswahili, na mwaka wa 1997 akatoa kitabu. Katika kitabu hicho ilionekana ya kuwa habari ya uhuru haikuwa ya wanaume wachache waliosoma, wakifuatwa na umati usio na fikira. Wanawake wa ngoma, wapika pombe na wauza vitumbua walikuwa na fikira zao za taifa moja lisilo la kabila, na walizipata katika vyama vyao kabla TANU haijazaliwa, maana katika lelemama Mzaramo na Mmanyema na Mmatumbi walivaa sare moja.

Mwaka wa 1991, nchi ilipotimiza miaka 30 ya uhuru, Bibi Titi alitajwa tena hadharani miongoni mwa mashujaa. Nyerere alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Bibi Titi alifariki mwaka mmoja na siku chache baadaye, tarehe 5 Novemba 2000, akiwa katika hospitali mjini Johannesburg. Wawili walioanza safari moja katika vumbi la Tanganyika walimaliza siku zao ugenini, kila mmoja kwa wakati wake. Na barabara iliyokuwa imeitwa kwa jina la UWT, ule umoja aliouongoza kwanza, ikapewa jina lake.

Yako mengine ya kuyaongeza. Mwaka wa 2010 Bunge la Tanzania lilipata Spika mwanamke, Bibi Anne Makinda. Tarehe 19 Machi 2021 Bibi Samia Suluhu Hassan aliapishwa kuwa Rais, mwanamke wa kwanza katika nchi hii. Wasichana wanaosoma leo katika shule za Temeke na Kinondoni hawaoni ajabu mwanamke akihutubia mkutano wa hadhara. Lakini mwaka wa 1955 ilikuwa ajabu, na palitakiwa mtu wa kwanza kuivunja aibu ile.

Sasa twauliza lile swali tuliloliahidi. Mtu akitenda jambo kubwa kwa ajili ya watu wote, kisha akatofautiana nao, au akashitakiwa na kuhukumiwa, je, lile jambo kubwa lafutika? Wengine watasema naam, maana kiongozi hupimwa kwa mwisho wake. Wengine watasema sivyo, maana maji aliyochota asubuhi yamekwisha kunywewa, wala hayawezi kurudi mtungini kwa sababu jioni mtungi umepasuka. Sisi twaelekea upande wa pili. Waweza kushika ya kuwa alikosea juu ya nyumba, waweza kushika ya kuwa hakukosea. Wale 5,000 waliandikwa, uhuru ukaja, na kazi yake haikuwa ndogo kuliko ya yeyote aliyekaa ofisini. Taifa linalowakumbuka wale tu ambao hawakupata kugombana nalo litakuwa na orodha fupi ya mashujaa, na orodha hiyo haitakuwa ya kweli.

Mwisho, tuna ombi moja kwa wanafunzi. Wanawake waliokata kadi siku zile wengi wamekwisha kutangulia mbele ya haki, na waliobaki ni wakongwe sana. Wengine wamo katika nyumba zetu hizi za Temeke, Mbagala, Magomeni na Kinondoni, wamekaa barazani juu ya mkeka, na wajukuu huwapita mbio wakienda shule kujifunza historia. Kabla hujaenda, keti kidogo. Mwamkie bibi kwa heshima, umwulize: bibi, ngoma yenu iliitwaje? Sare yenu ilikuwa kanga gani? Nani alikuja kuwaita? Na akianza kusimulia, usimkatize. Chukua kalamu uandike, kwa maneno yake mwenyewe, na jina la mtaa, na mwaka kama aukumbuka. Kadi yenyewe huenda imeliwa na mchwa, lakini aliyeikata bado anaweza kusema.

Na siku utakapoivuka ile barabara pana mjini, ukamsikia kondakta akiita kituo, mweleze mdogo wako aliyekushika mkono ya kuwa Bibi Titi alikuwa mtu, mwanamke wa mji huu, aliyeanza kwa kuimba.